Baharia anaposhuka melini: niliyojifunza kwa kuchelewa

Ijumaa moja baada ya swala, kijana mmoja alinisubiri nje ya msikiti wetu huku Temeke mpaka watu wakapungua. Akanipa shikamoo, akajitambulisha kuwa ni baharia, oila wa chumba cha injini, na kwamba ana siku kumi tu tangu arudi kutoka kwenye mkataba wa miezi tisa. Mkewe alijifungua yeye akiwa safarini. Mtoto sasa ana miezi mitano na kila akimbeba analia. "Mzee," akaniambia, "nimechoka na maji. Nataka nishuke nitafute kazi ya nchi kavu. Wewe ulifanyaje?"

Nilimwambia ukweli, kwamba mimi nilifanya vibaya, na kama anataka kujifunza kwangu basi ajifunze zaidi katika yale niliyokosea. Tulikaa barazani mpaka karibu na alasiri. Nimeona mazungumzo yale niyaandike hapa, kwa kuwa nafahamu kuwa nyumba nyingi za Waislamu wa Tanga, Dar es Salaam, Unguja na Mombasa zina mtu wake baharini, au zina mtu aliyerudi kutoka baharini na sasa anashinda kibarazani akihadithia bandari za watu. Na ninaposema baharia nakusudia baharia hasa, mwenye kitabu chake cha utumishi, si huyu "baharia" wa vijiweni ambaye maji anayoyajua ni ya Kigamboni akivuka na pantoni.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimezaliwa mwaka 1970. Nilipata mafunzo katika chuo cha mabaharia cha DMI hapa Dar es Salaam, nikapanda meli ya kwanza mwaka 1994 nikiwa waipa, yaani mtu wa kufuta mafuta na kusafisha chumba cha injini. Nikawa oila, nikarudi darasani, na mwaka 2003 nikapata cheti cha injinia wa zamu. Nilishuka moja kwa moja Agosti 2013, nikiwa injinia wa tatu.

Sababu ya kushuka ilikuwa mama. Mwaka 2012 tulikuwa Santos, Brazil, tunapakia sukari, mama yangu alipofariki Tanga. Alifariki asubuhi akazikwa alasiri ile ile, kama tunavyotakiwa kuharakisha maziko. Habari zilinifikia siku ya tatu. Nilimswalia swala ya ghaibu peke yangu katika kabini, na saa sita usiku nikaingia zamu kama kawaida, kwa sababu zamu ya injinia wa tatu ni saa sita mpaka saa kumi na hakuna wa kukupokea. Usiku ule niliweka nia kwamba nikimaliza mikataba niliyokwisha kuahidi, nashuka.

Nia niliiweka. Maandalizi sikuyafanya. Hapo ndipo ilipo habari yote ninayotaka kuieleza.

Dola za miezi tisa

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2010 nikiwa likizo, kiwanda kimoja cha kuhifadhi samaki kilinitaka kazi ya ufundi wa mashine za baridi kwa mshahara wa Sh 600,000 kwa mwezi. Nilicheka. Melini nilikuwa napata dola 1,300, na dola wakati huo ilikuwa karibu Sh 1,400. Nikazidisha, nikapata Sh 1,820,000, mara tatu ya ule mshahara. Nani atakubali?

Hesabu hii kila baharia anaifanya, na kila baharia anaikosea. Mshahara wa melini unalipwa kwa miezi ya mkataba. Mimi nilikuwa nafanya kazi miezi tisa, kisha nakaa nyumbani kama miezi mitano nikisubiri meli nyingine, na miezi hiyo mitano hakuna anayenilipa. Dola 11,700 za miezi tisa ukizigawa kwa miezi 14 zinabaki dola 835 hivi, yaani Sh 1,170,000. Toa humo gharama za kupima afya, kozi za usalama, nauli za kufuatilia karatasi, zawadi za ndugu (na baharia akirudi ndugu huongezeka), na deni la duka la mwezi wa nne na wa tano. Tofauti bado ilikuwepo, sikatai. Lakini haikuwa mara tatu niliyoidhani, na ule mshahara wa kiwandani ulikuwa na likizo ya kulipwa na michango ya NSSF.

Wasomaji wa Surat al-Kahf mnakumbuka kisa cha Nabii Musa (a.s.) na yule mja mwema, pale alipoitoboa jahazi ili mfalme dhalimu asiipore. Wenye jahazi ile wanaitwa masikini wenye kufanya kazi baharini. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameitumia aya hiyo kupambanua baina ya fakiri na masikini, kwamba mtu anaweza kuwa na mali mkononi, hata chombo, na bado akawa masikini kwa sababu alichonacho hakimtoshelezi. Nilipolisikia somo hilo darasani niliona kama ustadhi ananitazama mimi. Nilikuwa na dola mfukoni na nyumba ya bati jipya, lakini sikuwa na mwezi hata mmoja niliochangia kwa ajili ya uzee wangu.

Suala la NSSF nalisisitiza kwa sababu lina tarehe. Ili mtu apate pensheni ya kila mwezi anatakiwa awe amechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Asiyetimiza hupewa mkupuo wake, basi. Mimi nilianza kuchangia Januari 2015 nikiwa na miaka 45 kasoro. Hesabu yangu inatimia Desemba 2029, na miaka 60 ya lazima naitimiza mwaka 2030. Nimepenya kwenye tundu la sindano. Baharia anayefanya kazi katika meli ya bendera ya kigeni, kwa mkataba wa wakala, hana mwajiri wa kumchangia hapa nchini. Lakini NSSF inapokea wanachama wa hiari, na mke au ndugu anaweza kumpelekea mchango wake kila mwezi. Kwa miaka 19 sikuliuliza jambo hilo hata mara moja.

Niliposhuka nilikuwa na akiba. Nikanunua Hiace, nikaipa dereva. Habari za Hiace mnazijua, sina haja ya kuwachosha. Kufika mwishoni mwa mwaka 2014 nilikuwa mlangoni mwa kiwanda kingine cha samaki, naomba kazi ile ile niliyoicheka.

"Mbona hutulii?"

Dada aliyenisaili alikuwa kijana, mwenye adabu. Akausoma wasifu wangu, akainua uso. "Mzee wangu, hapa umeandika umefanya kazi sehemu 16 tofauti, na hakuna uliyokaa hata mwaka. Mbona hutulii?"

Sikuwa nimeliona hilo. Kwa macho ya mtu wa nchi kavu, kila mkataba wa meli ni kazi uliyoiacha. Mimi niliziorodhesha meli zangu moja baada ya moja kwa fahari, na yeye akaona mtu mkorofi anayefukuzwa kila baada ya miezi tisa. Nikamweleza. Akaelewa kiasi. Kisha akauliza barua za mabosi wangu za kueleza utendaji wangu, nikamtolea hati za utumishi za melini. Akazigeuza mbele na nyuma, hakuna kitu.

Hapa pana jambo mabaharia wengi hatulijui. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013, unataka baharia apewe hati inayoonyesha utumishi wake melini. Lakini mkataba huo huo unazuia hati hiyo kueleza ubora wa kazi yake au mshahara wake. Ni kinga nzuri, kwa sababu chifu mwenye chuki hawezi kukuharibia kitabu. Lakini maana yake ni kwamba karatasi unayoshuka nayo haisemi kama wewe ni fundi hodari au mvivu. Barua ya namna hiyo ni lazima umuombe chifu injinia mwenyewe, mkononi, kabla hujashuka. Ukishashuka, yeye yuko Korea, wewe uko Temeke, na meli imeshauzwa na kubadilishwa jina.

Baadaye niliuandika upya wasifu wangu. Mikataba yote nikaikusanya katika kipindi kimoja cha 1994 hadi 2013, nikaeleza kwa sentensi moja kwamba ajira za melini huwa za mikataba mifupi. Chini yake sikuandika majina ya meli, nikaandika mashine: jenereta za kilowati ngapi, boila za presha ngapi, kompresa za baridi za aina gani, pampu, mashine za kusafisha mafuta. Mwenye kiwanda hajui "meli ya kontena". Boila anaijua, kwa sababu anayo nyuma ya ofisi yake na inamsumbua.

Angalizo dogo. Melini kila mtu ananiita injinia, na nilizoea. Nchini kwetu jina la mhandisi linalindwa na sheria ya mwaka 1997, na anayelitumia katika kazi bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi anajitafutia matatizo. Nikaandika "fundi mwandamizi wa mitambo". Haikunipunguzia kitu isipokuwa kiburi.

Kazi nikapata, Sh 650,000, chini ya msimamizi wa miaka 27.

Cheti nilichokiua mwenyewe

Kosa lililonigharimu zaidi ni la cheti. Mkataba wa STCW, unaosimamia mafunzo na vyeti vya mabaharia, uliopitishwa mwaka 1978 na kurekebishwa kwa uzito mwaka 1995 na tena Manila mwaka 2010, unataka ofisa ahuishe cheti chake kila baada ya muda usiozidi miaka mitano. Njia nyepesi ni kuonyesha kuwa katika miaka mitano iliyopita umekuwa baharini jumla ya miezi 12, pamoja na afya na kozi za usalama zinazotakiwa. Cheti changu kiliisha katikati ya mwaka 2014. Wakati huo nilikuwa na miezi ya bahari tele. Ilikuwa ni suala la ada, vipimo na siku chache darasani. Nikajiambia sirudi tena majini, cheti cha nini? Nikakifungia kabatini.

Mwaka 2018 ikatokea nafasi katika kampuni moja yenye matagi, yale maboti ya kuvuta meli bandarini. Walitaka msimamizi wa matengenezo, kazi ya mchana, unalala kwako, mshahara zaidi ya mara mbili ya niliokuwa napata. Waliridhika nami kwa kila kitu. Wakaomba cheti. Wakakitazama tarehe, wakanirudishia. Nilipokwenda kuuliza namna ya kukifufua nikaambiwa kwamba miezi yangu ya bahari katika miaka mitano iliyopita ni sifuri. Ilinibidi nikae mtihani au nirudi melini kwanza kwa miezi kadhaa katika cheo cha chini. Nafasi haikunisubiri.

Kazi nzuri za nchi kavu kwa baharia, yaani usimamizi wa meli, ukaguzi, urubani wa bandari kwa watu wa dekini, ualimu wa chuo, karibu zote zinauliza cheti kilicho hai. Cheti cha bahari ndicho kinachokufungulia nchi kavu. Na STCW yenyewe inaruhusu mamlaka ya nchi kukubali kazi fulani za nchi kavu kuwa ni sawa na muda wa bahari, kwa hiyo aliyeshuka asikate tamaa kabla ya kuuliza. Kwa Tanzania Bara aende TASAC, iliyochukua shughuli hizo kutoka SUMATRA mwaka 2018, na kwa Zanzibar aende mamlaka ya usafiri baharini, ZMA. Aulize mapema, cheti kikiwa kimebakiza mwaka, si kikiwa kimeshakufa.

Msafiri ndani ya nyumba yake

Katika fikihi yetu, msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, huyo si msafiri tena. Haswali swala fupi. Kwa upande wa swala nilikuwa natimiza rakaa zangu nne tangu nifike. Lakini katika mambo mengine yote niliendelea kuwa msafiri kwa karibu miaka miwili.

Umeme ukikatika usiku na feni ikasimama, nilikuwa naruka kitandani natafuta viatu. Melini mashine zikinyamaza ghafla ni hatari, meli inakwenda bila uongozi, na mwili ulikuwa haujui kwamba hii ni Tanesco tu. Watoto walicheka sana. Hilo lilikuwa jepesi.

Zito lilikuwa kwamba nilianza kuikagua nyumba kama chifu anavyokagua chumba cha injini. Kwa nini mkaa unanunuliwa kwa kopo na si kwa gunia? Huyu fundi wa bomba nani alimwita? Ada ya shule kwa nini imelipwa nusu? Mama watoto alinijibu kwa upole miezi mitatu. Siku moja akaweka kikombe chini. "Baba watoto, nyumba hii nimeiendesha miaka 15. Umeme, ada, maziko ya kwenu, harusi za kwetu, zaka yako naitoa mimi. Ulikuwa unatuma hela na unasema Allah akulipe. Sasa umekuja kunipokea zamu bila hata kuuliza mashine zinakwendaje?"

Alisema kweli. Hata melini, anayepokea zamu hapokei kwa kupayuka. Anafika dakika kumi na tano kabla, anatembea, anagusa, anasoma geji, anamuuliza anayetoka nini kimetokea. Nikamuomba radhi. Tukakaa na daftari lake la matumizi, nikalisoma kuanzia mwanzo, na ndani yake nikakuta vitu ambavyo sikuwahi kuvijua, ukiwemo mwezi mmoja wa mwaka 2009 aliokuwa ameuza cherehani yake kwa sababu fedha zangu zilichelewa kwa wakala. Hakuniambia kwa simu. Alisema angeniambia nini, nami niko katikati ya maji?

Shimo

Nimeeleza makosa mengi, na kijana wangu wa barazani akaanza kuinamisha kichwa. Nikamwambia hapana, sikiliza na hili.

Mwaka 2016 pampu ya shimo la maji machafu pale kiwandani iliziba. Shimo lilikuwa na kina cha kama mita tatu, limejaa utumbo wa samaki, limefunikwa wiki kadhaa. Msimamizi wetu akaagiza vijana wawili washuke na ndoo. Nikasema asiingie mtu. Akaniuliza kwa nini, nikasema kwa sababu hatujui mle ndani mna hewa gani. Akakasirika, kazi imesimama, samaki wako mezani. Nikasimama juu ya mfuniko.

Melini jambo hili tunafundishwa mpaka linaingia kwenye mifupa. Tangi au chumba kilichofungwa hakiingiwi bila kupitishwa hewa, kupimwa na kuandikiwa kibali, na mtu anasimama mlangoni na kamba. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Uozo unaila oksijeni hiyo na kutoa gesi ya sumu, ambayo ikizidi pua inaacha kuinusa. Anayetangulia anaanguka, wa pili anaruka kumuokoa, naye anaanguka juu yake. Hapa mjini tunasikia habari hizo za visima na makaro, na watu husema ni shetani wa shimo.

Wakaazima kipimo kutoka kiwanda cha jirani. Kiliposhushwa kwa kamba kikaanza kulia kabla hakijafika nusu. Oksijeni ilisoma asilimia 16. Siwezi kuapa kwamba vijana wale wangekufa. Hilo analijua Mwenyezi Mungu. Tulipuliza hewa mle saa nzima, tukapima tena, akashuka mmoja akiwa amefungwa kamba.

Msimamizi yule hakuniomba radhi, lakini wiki iliyofuata alikuja na daftari akataka nimwandikie utaratibu wote. Kisha akataka utaratibu wa kompresa za amonia, kisha wa boila. Mpaka leo viko ukutani kule, kwa Kiswahili. Nilichokuwa nakidharau, yaani kuandika kila saa joto na presha kwenye kitabu cha zamu, kumbe ndicho ambacho kiwanda kilikuwa hakina.

Basi nikamwambia kijana hivi. Usishuke kwa hasira. Kama nyumbani wanaweza kuvumilia, panda mkataba mmoja zaidi ukijua kuwa ni wa mwisho, na uutumie kujiandaa. Anza michango ya hiari sasa, kabla hujaondoka. Weka kando matumizi ya nyumba ya miezi sita ambayo hayagusi harusi ya mtu wala Hiace. Wewe ni oila, huna cheti cha uofisa, kwa hiyo ukirudi nenda VETA uulizie urasimishaji wa ujuzi, wanakupima kwa ulichojifunza kazini na kukupa cheti ambacho mwajiri wa hapa anakisoma. Muombe chifu barua. Kila mashine unayoihudumia, piga picha kibao chake. Na kila ukimpigia simu mama mtoto, muulize mashine zinakwendaje.

Akauliza, "Na mtoto analia nikimbeba?" Nikamwambia wangu wa mwisho alilia wiki tatu.

Kijana alipanda meli mwezi uliofuata. Juzi alinitumia picha kutoka Durban, kibao cha kompresa kilicholiwa na kutu, namba zinasomeka kwa shida. Nimemjibu akifute kwa dizeli apige tena.